Mama Mifumo na Msimu wa Kupogoa

Mvua za mwaka huu zilipoanza kukatika nilikuwa na jambo la kuamua, na kila nilipokaa kuliamua alinijia kichwani mtu ambaye mpaka leo sijui kama alikuwa na akili nyingi au alikuwa na sauti nzuri tu. Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Nina kiwanda kidogo cha kukamua zabibu upande wa Makutupora. Wakulima wananiletea zabibu kwenye kreti, mimi nakamua, mchuzi, yaani maji ya zabibu, unakaa kwenye matenki mpaka apatikane mnunuzi wa kuutengeneza mvinyo. Sasa kampuni kubwa ya mjini ikaja na mfumo wake wa simu. Wakulima wangu wote waingie humo, wapogoe mizabibu kwa ratiba ya kampuni, mimi nikamue, wao wachukue mchuzi wote. Wakisema kweli, nimepona. Wakibadili mawazo baada ya watu kupogoa, zabibu zote zitakuja mlangoni kwangu na matenki yangu hayataweza kuzipokea, maana mzabibu ukishapogolewa, baada ya miezi minne hivi unakuletea mzigo, uwe na mnunuzi usiwe naye. Hilo limeshanikuta mara moja. Likinikuta tena, hakuna mkulima atakayeniletea hata kreti moja, kiwanda nitafunga, na sitamlaumu mtu.

Mtu niliyekuwa namkumbuka tulimwita Mama Mifumo. Kwenye kadi yake lilikuwepo jina refu lenye vyeo mbele na nyuma, lakini nusu ya Dodoma walimfahamu kwa hilo la Mama Mifumo, na mwenyewe aliitika. Alikuwa mshauri wa biashara. Kwa maneno yake, kazi yake ilikuwa kuhakikisha mkakati wa biashara na mkakati wa TEHAMA vinavuta kamba upande mmoja. Watu wananiuliza maana yake nini, kwa sababu kabla ya kurudi kwenye zabibu za marehemu mama yangu nilikuwa msaidizi wake kwa miaka kadhaa. Nilibeba projekta yake, niliandika ripoti zake, nilisikia kila alilosema. Nawajibu kwamba kwa kweli sijui.

Alikuwa mrefu, mwenye mwendo wa haraka, na upepo wa Juni ukianza kuvuma huku kwetu alivaa koti la ngozi la kiume juu ya kitenge, akaingia nalo hivyo hivyo kwenye ofisi za wakurugenzi. Alikuwa na simu tatu. Moja ya wateja wakubwa, moja ya wa kati, moja ya wadogo. Zikiita zote kwa pamoja alipokea ya wadogo kwanza, na nilipomuuliza sababu alisema, "Duka dogo likikosea, wanalala njaa. Kampuni kubwa ikikosea, inaitisha kikao." Nililipenda sana neno hilo, nikaliweka kwenye ripoti. Wiki iliyofuata nikamkuta ameiacha simu ya wadogo nyumbani makusudi, anasema inampotezea muda.

Nikuambie alivyokuwa akipima kampuni. Hakuanza na kompyuta. Alikuwa akifika, anasalimia, anakaa, anaomba chai. Kisha anatazama chai inavyokuja. Kwenye kampuni moja kubwa ya magari ya mizigo, mpokea wageni alimwambia katibu muhtasi, katibu muhtasi akampigia mtu wa utawala, mtu wa utawala akauliza kama wageni wako kwenye bajeti, na kikao kikaisha kabla kikombe hakijaonekana. Mama Mifumo akasimama akawaambia wakubwa wale hawahitaji mfumo mpya hata kidogo, kwa sababu chai yao ina mabosi wengi mno na mfumo utapita njia hiyo hiyo. Walicheka kwa kulazimisha. Mimi nikajiona nimeelewa: chai ikichelewa, usinunue mfumo.

Tukaenda Busi, kule Kondoa, kwa mzee mmoja mwenye duka la pembejeo, anayeuza mbegu na dawa za mifugo. Tulipopiga hodi tu, mke wake akaleta chai na maandazi, na mzee mwenyewe akamimina. Nikajua hapa sasa tutauza. Mama Mifumo akanywa, akasifu maandazi, akamwambia mzee asinunue kitu. Kisha tukapanda Kibakwe, kwenye kinu cha kukamua alizeti cha ndugu watatu wasiosemezana, ambako tulikaa kutwa na hakuna aliyetukaribisha hata maji. Hao ndio aliowauzia mfumo mkubwa kuliko wote aliowahi kuuza.

"Mama," nilimwambia njiani, "mimi sielewi."

"Huelewi nini?"

"Chai ikichelewa ni vibaya. Ikiwahi ni vibaya. Isipokuja kabisa ndiyo vizuri?"

"Wewe unaangalia chai," akasema, akafunga kioo cha gari kwa sababu ya vumbi.

Mfumo wa Kibakwe ulifanya kazi. Ndugu wale walianza kuzungumza kupitia kompyuta, kila mmoja chumbani kwake, na kinu kikapata faida. Yule mzee wa Busi naye mwaka uliofuata alinunua mfumo kwa mtu mwingine, akafanikiwa vizuri tu. Ukitafuta kanuni hapo utajichosha bure, na mimi nilijichosha.

Mithali zake nazo zilikuwa mbili mbili. Mteja mmoja akiwa na haraka ya kununua alimwambia haraka haraka haina baraka. Tukitoka hapo, mteja wa pili akisema anataka kusubiri kwanza hali itulie, maana serikali ilikuwa inahamia mjini na kila kitu kilikuwa kinabadilika, kodi za nyumba, barabara, wateja, alimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa siku moja, mdomo mmoja. Niliwahi kumshika hapo hapo. Nikamwambia kwamba wiki iliyopita alimwambia mwenye ghala la nafaka anunue mashine ndogo aanze taratibu, na leo anamwambia anunue kubwa.

"Wiki iliyopita mvua ilikuwa haijanyesha," akasema.

"Sasa mvua na kompyuta vinahusiana nini?"

Alinitazama kwa muda kama anayejiuliza alinichukulia wapi. Wagogo tunajua kwamba mvua ya kwanza inaweza kuja ukapanda, kisha ikakuacha na mbegu zimeota zinakauka. Hakuna mtu huku asiyelijua hilo. Lakini kulitoa shambani ukaliingiza ofisini, ukampa mtu mwenye tai, hapo ndipo mimi nilipokuwa napotea.

Wakubwa walimpenda kwa sababu aliwapigia kelele. Kwenye ile kampuni ya magari ya mizigo, meneja wa biashara na mkuu wa TEHAMA walikuwa hawaongei. Kila mmoja alikuwa na mkakati wake umechapishwa kwa rangi, na mikakati yenyewe haikuwa na ukurasa hata mmoja unaofanana. Huyu anataka magari yaende Kondoa na Kiteto, yule anataka kununua seva. Mama Mifumo akawaamuru wabadilishane simu kwa wiki nzima. Meneja wa biashara akapokea malalamiko ya kompyuta zilizoganda, na mkuu wa TEHAMA akapokea wateja waliokuwa wanauliza mzigo wao wa vitunguu umefika wapi.

"Sasa mtajua mwenzenu analala vipi," akawaambia.

Wiki ilipoisha, meneja wa biashara alikuwa anaumwa kichwa na hajajifunza lolote. Mkuu wa TEHAMA, aliyekuwa hasalimii hata watu wa ofisini, aligundua kwamba anapenda kuongea na wateja. Aliacha kazi akafungua duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, na kampuni ikabaki haina mtu anayejua nywila za seva. Mkurugenzi alipiga simu akiwa amekasirika kweli kweli. Mama Mifumo alimsikiliza mpaka akachoka, kisha akamwambia kwamba angalau mtu mmoja katika kampuni yake sasa anajua anachotaka. Ajabu ni kwamba mkurugenzi yule hakumfukuza. Alimwongezea mkataba.

Nilikuwa namwonea fahari siku kama hizo. Siwezi kusema uongo. Kutembea nyuma ya mwanamke wa huku kwetu anayeingia chumba cha wanaume wenye suti na kuwanyamazisha, kulinifanya na mimi nitembee wima. Lakini vikao vikubwa vikiisha alikuwa akiingia garini na kukaa bila kuwasha injini. Mikono juu ya usukani, macho mbele. Kisha ananiuliza, polepole, "Nimesema nini mle ndani?" Nami namweleza hoja zake zote, moja moja, kwa kujidai, nikidhani ananifanyia mtihani. Akisikia anatikisa kichwa. "Haya. Yanafaa hayo," anasema, na ndipo tunaondoka.

Nyumbani kwake hapakuwa na mfumo wowote. Mtu aliyewafundisha watu wa mabenki kuhifadhi nakala za taarifa zao alipoteza namba zote za simu ya wateja wa kati kwa kuitumbukiza kwenye ndoo, na hakuwa nazo popote pengine. Alikuwa mwanakwaya wa kanisa letu na hakuwahi kufika mazoezini kwa wakati, hata siku moja. Mwalimu wa kwaya akimsema, anajibu kwamba sauti ya pili haihitaji kuwahi. Chakula alichokipenda kilikuwa ugali wa uwele kwa mlenda, na alikiomba hata kwenye hoteli ambazo wahudumu hawakujua uwele unafananaje. Wakimletea wali alikula bila kinyongo, akashukuru. Akiwa na huzuni alinyamaza siku mbili tatu, ukimuuliza anasema amechoka na barabara.

Niliondoka kwake kwa amani. Mama yangu alifariki, akaacha shamba la zabibu na mashine ya kukamua aliyoinunua kwa shida, nami nikaona nisiiache ishike kutu. Mama Mifumo alikuja msibani, akalala pale, akapika na wanawake wengine. Kabla hajaondoka aliniambia nikihitaji ushauri nisione haya. Kwa hiyo nilipomwita, sikuwa namwita mgeni.

Shida yangu ilikuwa kwamba zabibu zilikuja kwa kudondoka. Leo kreti chache, kesho hakuna, keshokutwa mbili tatu. Mashine inakaa, vibarua wanakaa, umeme unaenda. Mama Mifumo alizunguka kiwanda chote, akapanda ngazi akachungulia matenki, akaniuliza wakulima wangapi wana simu. Karibu wote, nikamwambia. Basi, akasema, biashara yako inataka mzigo wa kueleweka, na simu zao zinaweza kuuleta, wewe hujaviunganisha tu. Akaleta kijana wa chuo akatutengenezea mfumo wa meseji. Kila mkulima alipata ujumbe wenye jina lake: siku ya kupogoa, siku ya kupiga dawa, siku ya kuvuna.

"Una uhakika, mama?" nilimuuliza.

"Kabisa," akasema.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho sisi wenyewe tulikuwa hatukioni. Huku kwetu, kupogoa hakufanyiki kwa siku moja. Kuna mafundi wake, kundi la watu wanaotoka shamba hadi shamba na mikasi yao, na wewe unasubiri zamu yako. Mwenye msiba anasubiri. Mwenye mtoto anayeumwa anasubiri. Mwenye mashaka na hali ya hewa anawaambia wapite kwanza kwa jirani. Kwa hiyo mashamba yalipogolewa kwa kupishana, na zabibu nazo ziliiva kwa kupishana. Kule kudondoka nilikokuwa nakulilia kulitokana na hapo. Kuchelewa kwa watu ndiko kulikokuwa kunaniokoa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua, kwa sababu hakuna aliyepanga kuchelewa huko.

Meseji iliingia asubuhi moja kwenye simu zote. Watu walifurahi mno. Kutumiwa ujumbe wenye jina lako ni heshima, na wazee waliwaomba wajukuu wawasomee mara ya pili. Wasiopata mafundi walipogoa wenyewe, na wakwe zao, na wanakwaya. Nilipita barabarani nikaona kila shamba lina watu, nikamshukuru Mungu.

Zabibu zilizokuja zilikuwa nzuri sijapata kuona. Zilikuja zote kwa pamoja. Mikokoteni ya punda ilipanga foleni kutoka getini kwangu hadi barabara kuu, na matenki yalijaa kabla foleni haijafika nusu. Niliwapigia wenye viwanda wengine, nao wamejaa, maana wakulima wao ni majirani wa wakulima wangu na waliposikia wenzao wanapogoa nao wakapogoa. Nyuki na nzi walitanda. Siku zile Makutupora ilinuka siki. Mwenyekiti wa wakulima, mzee niliyekuwa nikimwamkia tangu utotoni, alizimwaga zake mwenyewe kwenye korongo nyuma ya kiwanda, kreti baada ya kreti, na alipomaliza alikuja kuniaga.

"Hatukulaumu, mama," aliniambia. "Meseji ilisema."

Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Nilitafuta mwenye makosa nikamkosa. Tarehe ya kupogoa ilikuwa sahihi. Wakulima walifanya walichoambiwa, na walikifanya vizuri. Mfumo haukukwama hata dakika moja. Kila kitu kilikwenda sawa na tukazama wote.

Mama Mifumo alikuja. Alisimama getini na koti lake, akatazama mikokoteni inayogeuza na mizigo yake, akasema maneno matatu tu: "Mfumo umefanya kazi." Sijui alikuwa anajitetea, anashangaa, au anajilaani. Nilitamani kumzaba kofi, na nilikuwa nimefundishwa kumheshimu kama mama, kwa hiyo niliingia ndani nikafunga mlango. Baada ya hapo nilisikia amefunga ofisi. Watu walisema amehamia Kibakwe, analima maharage.

Ilinichukua misimu kadhaa kuwarudisha wakulima, mmoja mmoja, kwa kwenda majumbani kwao. Mfumo wa meseji niliuzima. Na ndipo mwaka huu kampuni kubwa ikaja na wake, wenye ratiba ya kupogoa ndani yake, na vijana wake wa ofisini wanaoniambia, "Mama, tutachukua mchuzi wote, usiwe na wasi." Nikiwauliza kuhusu mkataba wanasema unapitishwa na wakubwa. Miaka yote niliyobeba projekta ya Mama Mifumo nilidhani itakuja kunisaidia siku kama hii. Nilipekua kichwa changu nikakuta mithali mbili zinazogombana.

Basi nikapanda pikapu yangu nikaenda Kibakwe.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage juu ya turubai. Kulikuwa na baridi ya milimani na ukungu ulikuwa bado haujaondoka vizuri. Alikuwa amepungua mwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Umetokea mjini?"

"Nimetokea Makutupora."

Akaagiza mahindi ya kuchemsha yakaletwa, tukala, tukaulizana habari za watu na za kwaya. Kisha nikamweleza yote. Kampuni, mfumo, ratiba, mkataba usiosainiwa, wakulima wanaosubiri neno langu. Alisikiliza kama zamani, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa pembeni.

"Sijui," akasema.

Nilisubiri sehemu iliyobaki. Haikuwepo.

"Mama, sijaja huku kote kusikia sijui."

"Hakuna aliyewahi kuja kusikia hivyo," akasema. "Mkubwa alikuja apate mtu wa kumtaja bodi ikimbana. Mdogo alikuja kwa sababu hana mwingine wa kumuuliza. Ningewaambia sijui, wangekwenda kwa mwingine, na huyo mwingine pia hajui."

"Na mimi? Mimi uliniambia kabisa."

"Nilikuambia." Mikono yake iliendelea kuchambua. "Siku watu wako walipokuwa wanapogoa nilipita barabara ile, naenda Kondoa. Nikaona kila shamba lina watu. Nikasimamisha gari. Niliona, binti, kwamba zote zitaiva pamoja. Nilikuwa na simu mkononi."

Siku ile nusu ya mizabibu ilikuwa bado haijaguswa. Simu moja tu, na wengine wangesubiri.

"Kwa nini hukupiga?"

"Ningesema nini? Mimi nilikuwa Mama Mifumo."

Nilimchukia pale alipokaa. Nilimchukia, na wakati huo huo nilimwonea huruma, na vitu hivyo viwili havikutaka kukaa pamoja ndani yangu. Nikasimama niondoke. Ndipo simu yangu ikaita. Alikuwa mzee mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mafundi wa kupogoa wamefika hapa, wanataka kujua. Na watu wameniuliza tangu asubuhi. Twende na ratiba ya kampuni au tusubiri?"

Sijui jibu nililompa lilitoka wapi. Labda hasira, labda sikutaka Mama Mifumo anione ninavyobabaika. Sauti yangu ilitoka imenyooka kabisa.

"Nendeni na ratiba, mzee. Wote."

"Una uhakika?"

"Kabisa."

"Afadhali. Ngoja niwapigie wenzangu." Akakata.

Nilibaki nimeishika simu. Nilikuwa sijui lolote. Nilikuwa sijaona mkataba, sijui kama kampuni itachukua hata tanki moja, na nilikuwa nimetoa neno kama mtu aliyetoka kuongea na Mungu. Nikakaa tena. Mama Mifumo aliacha kuchambua.

"Mpigie," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Mpigie sasa hivi, hajafika mbali."

Nikapiga. Simu ilikuwa inatumika. Nikapiga tena, bado inatumika, na niliwaona kwa akili yangu, mmoja baada ya mwingine, wanaamka wanatafuta mikasi. Mara iliyofuata akapokea.

"Mzee, samahani. Lile nililokuambia, sina uhakika nalo. Kampuni inaweza kuchukua mzigo, inaweza isichukue. Mimi sijui."

Nilisikia kuku huko kwake.

"Hujui?"

"Sijui, mzee."

"Mh." Akageuka akasema kitu kwa Kigogo na mtu aliyekuwa karibu naye, na mtu huyo akacheka. Akarudi kwenye simu. "Sasa mama, nikiwaambia hivyo si unawajua watu wetu? Wenye moyo watapogoa leo. Wengine watakaa mpaka waone. Na wale wa kule juu ndiyo kabisa, hao mpaka mwezi ujao. Hatutakwenda pamoja."

Nikasikia kule kupishana kwetu kwa zamani kunarudi.

"Waambie hivyo hivyo, mzee," nikasema, na Mama Mifumo akainamisha uso juu ya maharage yake, asitake nimwone.